Singe Zisizolingana

Wakusanyaji wa singe za Ujerumani, hasa zile za bunduki ya Mauser zilizotengenezwa mwaka 1943 na 1944, wana neno moja walipendalo kupita mengine yote, nalo ni kulingana. Nambari iliyogongwa kwenye kengee sharti iwe sawa na nambari iliyogongwa kwenye ala. Zikiwa sawa, singe huitwa kamili na bei yake hupanda. Zikitofautiana, huitwa mchanganyiko, na mwenye nayo huiona haya kama mtu aliyekwenda karamuni na kiatu kimoja cha jirani. Kanuni hii imeharibu vitu vingi kuliko kutu.

Singe yenyewe si kitu kikubwa. Kengee yake haizidi sana sentimita 25. Karibu na mpini hugongwa herufi tatu na tarakimu mbili: cof 43, asw 44, na kadhalika. Tarakimu ni mwaka, na herufi ni jina la siri la kiwanda. Herufi cof ni za Carl Eickhorn, na asw ni za E. & F. Hörster, wote wa mji wa Solingen. Dot ni kiwanda cha silaha cha Brno, katika nchi ya Wacheki, mji ulioingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1939. Kabla ya hapo majina ya viwanda yaliandikwa waziwazi. Yalifichwa ili adui aokotaye silaha asijue ilikotoka. Walakini Solingen, uliokuwa umekwisha kuandika jina lake kwenye visu vya dunia nzima, haukufichika kwa herufi tatu: mji wake wa kale uliteketezwa kwa mabomu tarehe 4 na 5 Novemba 1944.

Wapo wasomi wawachekao wakusanyaji kwa kuhesabu herufi na misumari. Husema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba historia ya vita imo katika nyaraka za serikali, si katika mipini. Kicheko hicho ni cha uvivu. Singe za miaka ya kwanza ya vita zilisuguliwa hata zikawa laini, zikatiwa rangi ya buluu iliyokoza, na mipini yao ya bakelaiti ikakazwa kwa parafujo. Kuelekea mwisho wa vita alama za jiwe la kunolea huachwa wazi, rangi huwa hafifu, mbao hurudi mahali pa bakelaiti, na katika baadhi ya singe parafujo hutoweka, ribiti zikashika kazi yake. Hata nambari wakati mwingine haipo. Parafujo hutaka kukatwa hesi, nayo hesi hutaka mashine na fundi mwenye nafasi. Ribiti hutaka nyundo tu. Nani asiyeona hapo kwamba muda, vifaa na mafundi vilikuwa vikipungua? Jedwali la hesabu laweza kuandikwa kumfurahisha mkubwa, lakini ribiti haikuandikwa kumfurahisha mtu.

Na mkono ulioshika nyundo hiyo ulikuwa wa nani? Mwezi wa Agosti 1944 wageni waliofanyishwa kazi katika Ujerumani walikuwa milioni 7.6, wengi wao watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Poland na nchi za Urusi, pamoja na mateka wa vita. Viwanda vya Solingen navyo viliwatumia. Majina yao hayakugongwa popote. Ukwaruzo ulioachwa na jiwe juu ya chuma huenda ndio alama pekee iliyosalia ya siku moja ya kazi ya mtu wa namna hiyo.

Basi, anakuja mpenda ukamilifu na msasa wake. Husugua ukwaruzo, hutia rangi mpya, kisha hutafuta ala iliyo tupu, au huifuta nambari ya zamani na kugonga nyingine ili ilingane. Tendo hilo huitwa ukarabati. Jina lake halisi ni kughushi, na haifai kulipamba, hata kama mtendaji ni mtu mpole mwenye maktaba nzuri.

Tena, kutolingana kwenyewe mara nyingi ni kweli tupu. Askari aliyepoteza ala aliokota ya mwenziwe aliyekufa. Karakana za jeshi zilichanganya vipande vya singe mbovu. Wanorway waliendelea kutumia silaha za Wajerumani baada ya 1945, na Warusi walizirekebisha bunduki walizoziteka bila kujali nambari gani inaambatana na ipi. Singe ya 1943 iliyomo katika ala ya 1940 imepita mikononi mwa watu. Iliyolingana huenda haikutoka ghalani.

Mwenye fedha zake ana haki ya kupenda kilicho kamili, na hakuna awezaye kumzuia. Lakini anayejiita mchunguzi aandike nambari zote mbili kama alivyozikuta, aandike na jina la aliyemwuzia, kisha aweke msasa mbali. Hasa achunge zile singe za 1944 zenye ribiti, zisizo na nambari kabisa. Mgongaji wa nambari akizipata hizo, atakuta chuma kitupu na nafasi tele.