Daftari la Wiki: Dola 20 kwa Kufa

Wakulima watatu wa Mexico wanavuka mpaka kwenda kununua bunduki. Jambazi Calvera na genge lake wamewapora mavuno hadi wakulima hao wamechoka. Chris, mpiga bastola aliyeigizwa na Yul Brynner, anawashauri wakodi watu, maana siku hizi watu ni rahisi kuliko bunduki. Ndivyo inavyoanza safari ya The Magnificent Seven, filamu ya makauboi ya John Sturges ya mwaka 1960, na maneno hayo yananiuma kila niyasikiapo. Bei ya mtu ni dola 20 kwa wiki sita.

*

Hadithi yenyewe ilitoka Japani. Katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, malipo ni chakula tu: wakulima wanakula uwele ili wali uwafikie samurai. Sijaona filamu iliyoeleza njaa vizuri kuliko hiyo.

*

Katika The Magnificent Seven, watoto wa kijiji cha wakulima wale wanamwambia Bernardo, yaani Charles Bronson, mmoja wa wapiga bastola saba waliokodiwa, Chris akiwemo, kwamba baba zao ni waoga. Anamkamata mmoja na kumchapa makofi ya makalio, kisha anawaeleza kuwa kubeba bastola si ushujaa. Shujaa ni baba anayelima kila siku kwa ajili ya mke na watoto, bila uhakika wa kuvuna. Huyo ndiye stelingi wangu, si Brynner wala mwigizaji mwenzake Steve McQueen.

*

Wakulima hao hao, hofu ilipowazidi, baadhi yao walimfungulia Calvera njia. Siwalaumu. Wapiga bastola wangeondoka siku moja. Wao na wake zao wangebaki pale pale.

*

Wale saba wananyang'anywa silaha, wanafukuzwa, wanarudishiwa bastola zao njiani. Hapo wangeweza kwenda zao. Wakarudi, na wanne wakafa. Calvera akikata roho anamuuliza Chris kwa nini mtu kama yeye arudi mahali kama pale. Hajibiwi.

Mwaka 2016 Antoine Fuqua aliirudia filamu hii, Denzel Washington akiongoza kundi dhidi ya tajiri wa migodi. Ni kazi nzuri, na Washington anapanda farasi kama aliyezaliwa juu yake. Lakini mwishoni tunaambiwa mhusika wake alikuwa na kisasi cha mama yake na dada zake. Kwangu, hapo kijiji kilipunguziwa thamani: Chris wa 1960 alirudi kwa ajili ya watu wasio ndugu zake, waliokwisha kumsaliti.