Tangi la Upepo

Bwana wangu ana karakana ya kupaka magari rangi, na mashine yake ya upepo ni kuukuu. Juma lililopita tangi lilitoboka chini, likawa lavuja kwa mlio. Fundi akashauri lichomelewe kiraka. Nilikataa.

Kutu hii huanzia ndani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa, maji hujikusanya chini ya tangi. Kitundu kikionekana, chuma cha kandoni nacho huwa kimekwisha liwa. Kwa shinikizo la paundi 120, kila inchi mraba husukumwa kwa uzito wa kilo 54. Likipasuka, vipande huruka mfano wa bomu, na hapo kando hufanya kazi wanagenzi, wana wa watu, amana kwetu.

Tumenunua tangi jipya lenye kibao cha kiwandani kinachoonyesha shinikizo lake, na valvu mpya ya usalama. Mota na pampu ni zile zile. La kale tumelikata, lisije likauzwa. Sasa kila jioni koki ya chini hufunguliwa, maji yatoke.

Fedha zilikuwa za nguo za Idi. Watoto wameambiwa, mdogo amenuna kidogo.