Bladifuli: Tusi na Daraja ya Msemaji

Miongoni mwa matusi ya Kiingereza yaliyovuka bahari, machache yamekita mizizi kwetu kama bloody fool, ambalo ndimi zetu zimelilainisha likawa bladifuli. Maana yake ni mpumbavu, na lile neno la kwanza, ingawa kwa dhahiri lataja damu, halina kazi ila kuutia ukali upumbavu wenyewe. Neno hilo la kwanza lilihesabiwa zamani kuwa fedheha huko Uingereza, hata mwandishi George Bernard Shaw alipolitia kinywani mwa mhusika wake Eliza katika tamthilia ya Pygmalion, mwaka 1914, magazeti ya London yalishughulika nalo; lakini leo Mwingereza humwambia bladifuli sahibu yake aliyesahau ufunguo, wakacheka wote wawili, na mwaka 2006 Australia ilithubutu kulitia neno hilo la kwanza katika tangazo la kuwaita watalii.

Kwetu tusi hili halikuja kwa njia ya mzaha. Enzi ya ukoloni lilishuka kutoka kwa bwana mkubwa wa shamba, likamwangukia mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye hakuwa na ruhusa ya kulijibu. Kwa hiyo wanaolitupa ovyo na kudai kuwa ni utani tu, hoja yao ni dhaifu, kwani tusi hupimwa kwa daraja ya msemaji na msemwa, wala si kwa kamusi. Baina ya masahibu wa rika moja, na litamkwe. Lakini tajiri amwambiapo utingo wake, au askari amwambiapo raia, hiyo ni dhuluma, wala haistahili kusitiriwa kwa jina la utani.