Aliyemdhuru mtoto ni mgonjwa? Usikimbilie jibu hilo

Bibi mmoja alikuja kliniki akiwa na karatasi nyeupe ameikunja ndani ya mkoba. Nilimwamkia, akaitikia, akaitoa na kuiweka mezani mbele yangu. "Mwanangu daktari, naomba uniandikie kwamba kijana wangu anaumwa."

Kijana mwenyewe ni mtu mzima wa miaka 30 na ushee (nimebadilisha baadhi ya mambo ili familia isitambulike). Alikuwa amemfanyia vitendo vya ngono mtoto wa dada yake, binti wa miaka minane. Kikao cha ukoo kilikuwa kimeshakaa na kuamua kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kufanya jambo kama lile. Kwa hiyo kijana ni mgonjwa, na mgonjwa hapelekwi polisi. Kilichobaki ni cheti cha daktari.

Nilimuuliza mtoto yuko wapi. Yuko nyumbani. Ameshapelekwa hospitali? Bado, leo ni siku ya nne.

Msomaji, ishike hiyo siku ya nne. Nitairudia.

Sikuandika barua ile, na nataka ujue sababu, maana kesho anayeniomba anaweza kuwa wewe. Kosa ni jambo moja, ugonjwa ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, anaweza kuwa navyo vyote viwili, na hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuamua hilo.

Ugonjwa wenyewe upo. Kitaalamu unaitwa pedofilia, nao ni mmoja katika kundi la matatizo ya mvuto wa kingono yanayojulikana kama parafilia. Kundi hilo lina pia wanaosisimkwa kwa kuonyesha sehemu zao za siri kwa watu wasiotaka, wanaochungulia watu wakioga, na wanaojisugua kwa abiria kwenye basi lililojaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unataka daktari aone mvuto wa kudumu, mkali, unaoelekea kwa watoto ambao hawajabalehe. Kisha mtu awe ameutekeleza, au awe anateseka sana kwa sababu yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unasema dalili ziwepo kwa angalau miezi sita, na mhusika awe na miaka 16 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka mitano au zaidi.

Kwa hiyo kitendo kimoja peke yake hakitoshi kunipa jina la ugonjwa. Michael Seto, mtaalamu wa Kanada aliyelitafiti suala hili kwa miaka mingi, anakadiria kuwa takribani nusu tu ya watu waliofanya makosa ya kingono dhidi ya watoto ndio wenye pedofilia. Nusu nyingine je? Wengi ni watu ambao mvuto wao ni kwa watu wazima kama wengine. Alikunywa, mtoto alikuwa karibu, hakuna aliyekuwa akiangalia, akajua mtoto hatasema. Wengine wana hasira na wanatafuta wa kumtawala. Wapo pia waliodanganywa na mganga.

Kumtambua mwenye ugonjwa ni kazi ndefu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha pedofilia. Daktari wa magonjwa ya akili huzungumza na mtu huyo zaidi ya mara moja, husoma maelezo ya polisi, huwasikiliza ndugu, huuliza historia yake tangu alipobalehe na vitu anavyotazama kwenye simu. Hawezi kutegemea maneno ya mhusika peke yake, kwa sababu anayesubiri hukumu ana kila sababu ya kukana, na mwingine ana kila sababu ya kudai anaumwa. Miaka ya 1950 daktari Kurt Freund, akiwa Chekoslovakia, alibuni kifaa kinachopima msisimko wa uume mtu anapotazama picha. Bado kinatumika katika baadhi ya nchi, lakini hakithibitishi kwamba mtu fulani alifanya kosa fulani.

Kuna jambo ambalo daktari lazima alitafute kwanza, nalo ni kama ubongo wenyewe umeharibika. Mwaka 2003 madaktari wa Virginia, Marekani, waliandika kuhusu mwanamume wa miaka 40 ambaye ghafla alianza kuvutiwa na watoto. Walimkuta na uvimbe upande wa mbele wa ubongo. Ulipoondolewa, tamaa ile ikaisha, na uvimbe uliporudi, tamaa nayo ikarudi. Hali hiyo ni nadra sana. Lakini babu wa miaka 70 aliyeishi kwa heshima maisha yake yote, kisha akaanza kushikashika watoto na kuvua nguo mbele za watu, mleteni apimwe. Inaweza kuwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kujizuia. Wakati mnamleta, watoto wasiachwe naye.

Tuseme sasa kijana wa bibi yule angekutwa kweli na pedofilia. Je, kesi ingekufa? Hapana. Sheria ya Tanzania haiulizi kama mtu ana jina la ugonjwa kwenye faili. Inauliza kama wakati wa tendo, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa anachofanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya. Mahakama ikiwa na shaka ndiyo inayompeleka mshtakiwa akachunguzwe, kwa mfano Isanga, Dodoma. Sasa tazama alichofanya kijana huyu: alisubiri dada yake aende sokoni, akafunga mlango, kisha akamwambia mtoto kwamba akisema, mama yake atakufa. Huyo alijua.

Dhana ya "anaumwa" inawapotosha wazazi kwa namna nyingine pia. Inawafanya wamtafute kichaa mwenye macho mekundu, wakati anayewadhuru watoto mara nyingi anakula nao sahani moja. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi hiyo haiwezi kuwa kazi ya vichaa wachache.

Wapo pia wenye mvuto huu ambao hawajamgusa mtoto yeyote, na ninajua baadhi yenu mnasoma hapa. Kuwa na fikra hizo hakujakufanya mhalifu, lakini usizibebe peke yako. Pale Berlin, hospitali ya Charité ilianzisha mwaka 2005 huduma ya watu kama wewe, waje kabla ya kudhuru. Hapa kwetu nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa, omba kuonana na daktari faragha. Yapo mazungumzo ya tiba, zipo dawa za kupunguza msukumo, na nyingine hushusha homoni. Hazibadilishi mvuto wenyewe, zinakusaidia kujizuia. Wakati huohuo, usikubali kazi wala malazi yanayokuweka peke yako na watoto.

Na wewe mzazi uliyewakuta watoto wa rika moja wakichezeana, usiwape jina hili. Zungumza nao, na kama mmoja alimlazimisha mwenzake, tafuta ushauri.

Narudi kwenye siku ya nne. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Binti yule aliletwa jioni ileile, akapimwa, akatibiwa, akaanza kuzungumza na mshauri. Lakini muda wa dawa zile ulikuwa umepita. Tulichoweza kumpa mama yake ni tarehe za kurudi kupima tena, na wiki nyingi za kusubiri majibu. Siku mbili kati ya zile nne zilikwenda kwenye kikao cha ukoo.

Likikutokea, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Usimwogeshe kwanza, na nguo alizovaa zibebe kwenye mfuko wa karatasi. Fika dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, ni bure.

Mama wa binti aliniuliza kama ampeleke mtoto akakae kwa shangazi yake Tanga mpaka mambo yatulie. Nilimjibu kuwa mtoto abaki na mama yake, shule yake na rafiki zake. Anayeondoka kwenye nyumba ile ni mjomba.