Tukienda kutembea, usingizi wa mtoto twende nao

Shule zikifungwa, wengi wetu hapa Nyarugusu tunavuka zoni kwenda kulala kwa bibi au shangazi. Huko stori ni ndefu, mtoto anapita mikono kumi mpaka usiku, kesho yake analia tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019: mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Basi tubebe chandarua. Saa ileile ya nyumbani tumwogeshe, anyonye, tumwimbie, tumlaze chali. Wenyeji tuwaambie mapema kwa heshima: "Bibi, tumlaze kwanza, halafu tutaongea." Hatakasirika. Mbu wa malaria anauma usiku, naye hajui mgeni.