Leta ao wenye pesa? Tuonyesheni kwanza mkataba

Vijana wenzetu,

Wazee wa hapa Luberizi wanasimulia kama zamani Wabelgiji waliweka reli kati ya Uvira na Kamanyola, kwenye bonde letu la Ruzizi. Wakaing'oa mbele hata ya uhuru. Leo mihogo na nyanya zetu zinapita kwa kamio. Mvua ikiharibu barabara, vinaozea njiani.

Niko na diploma, niko shomeri. Mtu akisema reli italeta kazi, ninatamani kuamini. Lakini kila mara mabishano ni yale yale: wapewe Leta ao watu wa pesa? Na wengine wanaongeza: «Muangalie Ulaya.»

Sawa, tuangalie. Uingereza iliuza reli zake miaka ya 1990. Mwaka 2024 bunge lake likapitisha sheria ya kurudisha treni za abiria kwa serikali. Italia nayo, tangu 2012 kampuni binafsi inashindana na ile ya serikali kwa treni za kasi, na bei ya tiketi ilishuka. Ulaya yenyewe haina jibu moja.

Na sisi tumeisha kujaribu zote mbili. Mwaka 1995 reli zilipewa Sizarail, yenye Waafrika Kusini na Wabelgiji ndani. Mwaka 1997 AFDL ikaichukua. Reli zikarudi kwa SNCC, ya Leta, na wafanyakazi wake wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Kwa majirani, Rift Valley Railways ilipewa reli za Kenya na Uganda kwa miaka 25, kuanzia 2006. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa.

Njo maana mimi ninasema: njia za reli zibakie mali ya raia, kwa sababu hakuna mtu atakayejenga reli ya pili pembeni ili kushindana. Treni anaweza kuendesha yeyote anayejua kazi. Lakini mkataba uonyeshwe raia mbele ya kutiwa sahihi: treni ngapi za abiria kwa juma, bei gani, mishahara italipwa lini, na adhabu gani kwa atakayeshindwa.

Sharti hilo liwahusu wote, Leta na kampuni.

Mkataba ukifichwa, tumeisha kuibiwa mbele treni haijatembea. Tuwe macho!