Mmea wa pwani yetu, bei ya Marekani

Leo naomba tuweke siasa kando kidogo tuzungumzie mmea wa chungu.

Ukiingia kwenye maduka ya mimea huku Gahanna, pembeni mwa Columbus, Ohio, utauona mmea wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Wanauita ZZ, kifupi cha jina la kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Wenye majani ya kijani tupu ni wa kawaida. Ule wenye mabaka meupe au ya manjano ni adimu, na bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake.

Asili yake ni wapi? Ni kwetu: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Wazungu waliuandika vitabuni tangu 1829, lakini biashara kubwa ilianza 1996, wakulima wa Uholanzi walipouzalisha kwa wingi. Na hii si mara ya kwanza. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wake, na leo limejaa madirishani dunia nzima.

Kwa mlioununua: msiuue kwa maji. Mmea huu una viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, umezoea kiangazi. Mwagilia udongo ukikauka kabisa. Wakati wa baridi hata mara moja kwa mwezi yatosha. Sehemu nyeupe ya jani haina ule ukijani unaotengeneza chakula kwa mwanga, hivyo wenye mabaka hukua polepole na huhitaji kukaa karibu na dirisha, si kwenye jua kali. Januari ya Ohio usiache majani yaguse kioo; baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huudhuru. Utomvu wake unawasha mdomo, uweke mbali na watoto. Ukitaka mwingine wenye mabaka, gawa viazi. Jani ukilichomeka udongoni huota, lakini mabaka mara nyingi hupotea.

Sasa hoja yangu. Wapo watakaosema, "Shangazi akija aniletee mche kwenye begi." Hapana. Marekani inadai cheti cha afya ya mimea, na udongo hauruhusiwi kabisa. Tena kung'oa msituni ni kuwaibia wajukuu zetu.

Njia ni shamba. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na wenzao wa Jomo Kenyatta kule Juja wana wataalamu wa kilimo. Arusha na Naivasha wana wakulima waliozoea kusafirisha maua nje. Wauzalishe, wachague miche inayotokea na mabaka, waiuze kwa vyeti na kwa jina la ilikotoka. Kama Kenya imejenga soko Ulaya kwa waridi, ambalo si mmea wa asili wa Naivasha, tunashindwaje na mmea uliootea vichakani kwetu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii imekwisha kuanza kupotea, nasi tunainunua dukani kwa dola.

Naomba kutoa hoja.